Chokaa, Rangi na Mauzo ya Nyumba katika Miji ya Pwani

Desturi ya kuipaka nyumba rangi kabla ya kumwita mnunuzi, ambayo leo madalali wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja huihesabu kuwa sehemu ya kazi yao, ni changa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa katika miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki kuta zilipakwa kwa karne nyingi bila ya mwenye nyumba kuwa na nia ya kuuza, na kilichopakwa hakikuwa rangi bali chokaa. Vitu hivyo viwili vina tabia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mkono mpya wa rangi ulikuja kuwa hoja ya biashara na kwa nini, papo hapo, mnunuzi mzoefu huutilia shaka.

Chokaa ya pwani ilitokana na matumbawe, yaani mawe yanayojengeka baharini kutokana na mifupa ya viumbe wadogo. Waashi, ambao ni mafundi wa kujenga kwa mawe, walitumia matumbawe ya aina mbili: yale laini yaliyokatwa majini yakiwa bado mabichi, ambayo huchongeka kwa urahisi na kuwa magumu yakishakaa hewani, yalifaa kwa mihirabu na miimo ya milango, ilhali jiwe gumu la nchi kavu lilijazwa katika kuta nene. Ili kupata chokaa, magogo yalipangwa kwa duara, safu juu ya safu, katikati pakaachwa tundu la kuwashia moto, kisha vipande vya matumbawe vikalundikwa juu. Lundo hilo liliwaka hadi magogo yakateketea na mawe yakaporomokea ndani ya majivu. Katika joto la kiasi cha nyuzi 900 za selsiasi jiwe hutoa hewa ya kaboni iliyomo ndani yake na kubaki kitu cheupe, kikali, kinachounguza ngozi, ambacho huzimwa kwa maji na kuachwa kwa miezi kadhaa kabla ya kutumika. Inapopakwa ukutani, chokaa huirudisha taratibu ile hewa iliyoipoteza motoni na kugeuka tena kuwa jiwe. Kwa hiyo niru, yaani chokaa laini ya kumalizia, ilikuwa tabaka jembamba la jiwe la aina ileile ya ukuta, na kwa kuwa ina vinyweleo, unyevu ulioingia ukutani kutoka ardhini au kwenye paa ulipata njia ya kutoka.

Sifa ya weupe huo ilifika mbali. Msafara wa Vasco da Gama ulipotia nanga Malindi mwaka 1498, mwandishi wa shajara ya safari hiyo aliona nyumba ndefu, zenye madirisha mengi, zilizopakwa chokaa vizuri, akaufananisha mji huo na mji mmoja wa kwao Ureno. Huko Lamu na Pate, hasa katika karne ya 18, ufundi wa lipu ulifikia kilele chake ndani ya nyumba, ambako kuta zilijazwa zidaka, yaani vishubaka vidogo vilivyopangwa kwa safu na kupambwa kwa nakshi zilizochongwa katika lipu ya chokaa. Nyumba ya namna hiyo haikujengwa kwa ajili ya soko. Jamaa wenye uwezo walimjengea binti nyumba ya kuolewa, au waliongeza ghorofa juu ya nyumba ya mama yake, pengine wakavuka kichochoro kwa wikio, ambalo ni chumba kilichojengwa juu ya njia ili kuunganisha nyumba mbili. Nyingine zilifanywa wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Chokaa ilipakwa upya kwa ajili ya arusi, kwa ajili ya Idi, au kwa sababu mvua za masika zimeichafua; aliyekusudiwa kuiona alikuwa mgeni na jirani, na alichokisoma humo ni kwamba wenyewe bado wana nguvu za kuitunza nyumba yao.

Hii si kusema kwamba nyumba hazikuuzwa, maana ziliuzwa, na zilipouzwa zilifuata sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani. Sheria hiyo humpa mnunuzi hiari ya aibu, yaani haki ya kuirudisha mali akigundua kasoro ya zamani ambayo hakuambiwa. *Minhaj at-Talibin* ya Imamu Nawawi, kitabu kilichotegemewa na makadhi wa pwani, kinakwenda mbali zaidi na kuzungumzia ulaghai wa sura: anayezuia maji ya kinu ili ayafungulie mbele ya mnunuzi, au anayetia nywele za mtumwa rangi nyeusi ili aonekane kijana, amempa mnunuzi haki ya kuvunja mapatano. Mfano wa mtumwa unachukiza leo, lakini hoja yake inaenea kwa wepesi hadi kwenye ufa uliozibwa na kupakwa juu siku chache kabla ya mauzo.

Upande wa pili wa mji wa Unguja, Ng'ambo, mambo yalikuwa mengine. Nyumba za huko zilikuwa za miti na udongo, na mwenye nyumba mara nyingi hakumiliki kiwanja, bali alimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Ni kodi hiyo iliyozusha mgomo maarufu wa mwaka 1928. Kwa kuwa nyumba na ardhi vilihesabiwa kuwa mali mbili, mtu aliweza kuuza nyumba peke yake, na hapo mnunuzi alikuwa ananunua fito, udongo, paa na ukuta uliopakwa, basi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na saruji. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza uzalishaji mwaka 1954 na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966, na lipu ya saruji, pamoja na rangi za maji na za mafuta kutoka viwandani, ikawa rahisi kupatikana kuliko chokaa iliyongojewa kwa miezi. Juu ya ukuta wa tofali za saruji rangi hizo hazina ubaya. Juu ya ukuta wa matumbawe ni balaa, kwa sababu lipu ngumu na rangi isiyopumua huuzuia unyevu ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu hufura na kubanduka pamoja na uso wa jiwe.

Mji Mkongwe wa Unguja ulionja hali hiyo kwa wingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitwaa majumba mengi na kuzipangisha familia kadhaa katika nyumba moja, kodi ikiwa ndogo na matengenezo machache. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001. Sehemu ya majumba ya serikali ilipoanza kuuzwa, na wageni walipoanza kutafuta nyumba za kugeuza hoteli, weupe wa ukuta ulipata bei. Tatizo ni kwamba chokaa huonyesha ugonjwa wa nyumba mapema, kwa kuwa doa la unyevu hujitokeza juu yake, ambapo rangi ya kiwandani huuficha kwa muda unaotosha kabisa kumaliza mauzo. Fundi wa zamani anayegonga ukuta kwa kifundo cha kidole ili asikie kama lipu imeachana na jiwe hufanya uchunguzi ambao macho hayawezi tena kuufanya.

Katika miji iliyopanuka haraka, rangi imepewa pia kazi iliyo kinyume na ile ya kuvutia wanunuzi. Katika mitaa ya Dar es Salaam, kwa herufi kubwa nyekundu au nyeusi zinazochuruzika, husomeka ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi na kwamba watu waogope matapeli. Maandishi hayo huwalenga walaghai wanaouza kwa hati za kughushi, na mara nyingi humlenga pia ndugu au mwenzi wa ndoa anayetaka kuuza mali ya familia kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini mlalamikaji anayesubiri mahakama hutanguliza brashi, na nyumba iliyoandikwa hivyo madalali huipita hata kama ukuta wake ni mpya na safi.