Moshi wa Majira ya Baridi na Mabaraza ya London

Katika mambo yote ambayo baraza la mji laweza kuyatia mkono wake, hapana lililokuwa gumu kuliko meko ya raia yaliyomo ndani ya nyumba yake. Kwani barabara, mifereji na taa za njiani ni mali ya watu wote, ama moto aotao mtu pamoja na wanawe usiku wa baridi kali ni starehe yake mwenyewe, na Waingereza waliuenzi moto huo wa wazi hata mwandishi mashuhuri George Orwell akatunga makala mwaka 1945 ya kuutetea.

Malalamiko juu ya moshi wake yalikuwa ya kale. Mfalme Edward wa Kwanza alipiga marufuku makaa ya mawe katika London mwaka 1306, na marufuku yake haikudumu. Mwaka 1661 John Evelyn alimwandikia Mfalme Charles wa Pili risala ndefu juu ya madhara ya moshi, wala hapakutendeka jambo la maana.

Ikaja Desemba ya mwaka 1952. Nchi ilikuwa bado haijapona gharama za vita, makaa mazuri yakiuzwa ng'ambo ili kupata fedha za kigeni, na wenyeji wakiuziwa yaliyo duni, yenye vumbi na kiberiti tele. Siku ya Ijumaa, tarehe 5, upepo ulikoma. Hewa ya baridi ikatuama katika bonde la mto Thames, na juu yake ikalala hewa yenye joto mithili ya kifuniko cha chungu, hata moshi wa dohani zote za majumbani na za viwandani usipate pa kutokea. Kwa siku tano makondakta wa mabasi walitangulia kwa miguu wakiwamulikia madereva njia, na katika jumba la Sadler's Wells mchezo wa opera ulikatizwa kwa kuwa ukungu ule ulikuwa umeingia ndani. Hesabu ya kwanza ya waliofariki ilikuwa takriban watu 4,000, aghalabu wazee, watoto wachanga na wenye maradhi ya kifua. Wataalamu waliokuja baadaye wamesema yamkini walifika 12,000.

Nasaha waliyopewa wagonjwa na wazee ilikuwa njema kwa dhahiri yake: wasitoke nje, wafunge madirisha, wajifunike pua na mdomo kwa kitambaa. Illa mtu aliyeambiwa akae ndani wakati wa baridi hana budi kuukoka moto, na kila aliyeutii ushauri huo kwa uaminifu aliongeza moshi uliomwua jirani yake. Sioni mfano ulio wazi kuliko huu wa nasaha isiyofuatwa na msaada.

Serikali, baada ya kusitasita kwingi, iliunda kamati mwaka 1953 chini ya Sir Hugh Beaver, na taarifa yake ikazaa Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, ambayo Mbunge Gerald Nabarro alikuwa ameishikilia kwa mswada wake mwenyewe mpaka serikali ikaahidi kuleta wa kwake. Sheria hiyo iliyapa mabaraza ya miji uwezo wa kutangaza kanda zisizotoa moshi, na, fauka ya hayo, iliwapa wenye nyumba ruzuku: katika kila sehemu kumi za gharama ya kubadili meko, saba zililipwa, nne zikitoka katika hazina ya serikali na tatu katika mfuko wa baraza, na baraza lilipoona mtu hana uwezo, liliweza kumlipia hata zile zilizosalia. Basi bwana afya, ambaye zamani alibisha hodi kwa ajili ya choo au panya, sasa alikuja kuyatazama meko na kumweleza mama wa nyumba ni makaa gani yasiyotoa moshi na ni jiko gani lifaalo, naye akasikilizwa, kwa kuwa hakuja na karipio tupu.

Sivyo ilivyokuwa kila mahali. Katika wilaya za machimbo ya kaskazini wachimbaji walipewa makaa kuwa sehemu ya ujira wao, na diwani wa huko, ambaye pengine baba yake na ndugu zake walikuwa shimoni, hakuona wepesi wa kuwakataza watu wake moto wa jasho lao wenyewe. Hata London kanda zilikuwa hazijaenea mji mzima, na moshi uliporejea Desemba 1962 uliua mamia. Ndipo mwaka 1968 Bunge likampa waziri uwezo wa kuyaamuru mabaraza yanayochelewa. Na wakati huo gesi ya Bahari ya Kaskazini ilikuwa imeanza kufika majumbani, na watu wengi wakayaziba meko yao kwa hiari.