Umeme wa Dar es Salaam: nani huwashiwa kwanza, nani hulipa?

Umeme ukikatika jijini Dar es Salaam, mtaa mzima hutamka neno moja: "Tanesco!" Wengi wetu tumelizoea jina hilo kama jina la mgomvi wa siku nyingi. Lakini nikiuliza jina hili lilizaliwa lini, lilizaliwa na nani na kwa faida ya nani, wachache ndio wanaonijibu. Wiki hii nimeona niliweke jambo hili wazi, kwa sababu naamini malalamiko yetu ya leo yana mizizi mirefu kuliko nguzo iliyoanguka jana.

Umeme wa umma uliwashwa kwa mara ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1908, na waliouwasha ni Wajerumani. Hawakuuleta kwa ajili ya mji. Waliuleta kwa ajili ya karakana za reli, maana Reli ya Kati ilikuwa inajengwa toka hapa kwenda bara tangu mwaka 1905, na kwa ajili ya ile sehemu ya mji walimokaa wao wenyewe. Mwafrika aliyebeba mataruma ya reli hiyo mchana, jioni alirudi kwenye kibatari chake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, swali la umeme katika mji huu lilikuwa ni nani awashiwe kwanza.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, mwaka 1920 waliunda Idara ya Umeme ya Serikali ili iendeshe mitambo iliyoachwa na Wajerumani. Idara hiyo ilidumu miaka 11 tu. Mwaka 1931, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya kikoloni iliukabidhi umeme kwa makampuni binafsi. Yalikuwa mawili. La kwanza liliitwa DARESCO, yaani kampuni ya umeme ya Dar es Salaam na wilaya yake. La pili liliitwa TANESCO, na liliandikishwa tarehe 26 Novemba 1931. Kwa hiyo mzazi wa jina tunalolilaumu leo hakuwa Mwalimu Nyerere wala Azimio la Arusha. Lilikuwa jina la kampuni ya wenye hisa.

Tena wenye hisa wenyewe hawakuwa karibu. Mwaka 1932 kampuni ya East African Power and Lighting, yenye makao yake Nairobi, ilinunua sehemu kubwa ya hisa za TANESCO na kuwa na sauti ya mwisho. Kwa zaidi ya miaka 30, uamuzi juu ya umeme wa Tanganyika ulipitia Nairobi, na faida ilielekea huko huko.

Sisemi kwamba makampuni hayo hayakufanya kazi. Yalijenga mitambo ya maji kwenye maporomoko ya Pangani, ukapatikana umeme wa Tanga na wa mashamba ya mkonge. Lakini kwa mfanyabiashara, nguzo ni mtaji. Haichimbiwi isipokuwa mahali penye mtu wa kulipa. Na mji wa Dar es Salaam ulikuwa umekwisha kugawanywa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waya ulifuata mfuko, na mfuko ulifuata mgawanyo ule. Hakuna aliyehitaji kutunga sheria ya kumnyima Mswahili umeme. Bei peke yake ilitosha.

Uhuru ulipokuja, serikali haikungoja Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1964 ilinunua hisa za umeme, zikiwemo zile za kampuni ya Nairobi. Ilinunua, haikunyang'anya. Katika miaka iliyofuata DARESCO iliingizwa ndani ya TANESCO, na mwaka 1975 serikali ikawa mmiliki pekee. Jina la kampuni ya kikoloni likabaki, mwenye mali akabadilika. Kuanzia hapo mwenye mali alikuwa wewe na mimi.

Serikali ilifanya kazi kubwa, na haki yake lazima tuiseme. Mwaka 1964 kituo cha Hale kilianza kazi kikiwa na megawati 21. Mwaka 1975 kikafuata Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu, ambacho kufikia mwaka 1980 kilikuwa na uwezo wa megawati 204. Laini ya kilovolti 220 ikavutwa toka Kidatu kupitia Morogoro hadi Ubungo. Jiji ambalo lilizoea mngurumo wa mashine za dizeli likaanza kuwaka kwa maji ya mito ya mbali.

Lakini humo humo ndimo tatizo lilimojificha. Bwawa la Mtera lilijengwa katika mto ule ule, juu ya Kidatu, liwe ghala la maji yake. Mwaka 1988 Mtera penyewe pakawekwa mitambo ya megawati 80. Kwa maneno mengine, tulitia mayai mengi katika kapu moja. Mvua ikikosekana katika bonde la Ruaha, Mtera inapungua, Kidatu inafuata, na Ubungo inapiga yowe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1992, na tena mwaka 1994. Neno "mgao", ambalo wazee walilijua kwa sukari na unga, likahamia kwenye umeme.

Hapo ndipo ilipofunguliwa sura ya mikataba ya dharura. Mwaka 1995 ulisainiwa mkataba na IPTL wa kuzalisha megawati 100 kwa mafuta mazito huko Tegeta. Ubishi juu ya gharama uliufikisha mkataba huo mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mitambo haikuanza kuuza umeme mpaka mwaka 2002. Ubaya wa mikataba ya namna hii ni ile tozo ya uwezo wa mitambo. Ni kama kukodi teksi kwa mwezi: upande usipande, dereva analipwa, na ukipanda, mafuta unanunua wewe.

Ukame wa mwaka 2006 ukatuletea Richmond, mkataba mwingine wa megawati 100, ambao mitambo yake haikufika kwa wakati. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilitoa taarifa yake, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu. Mwaka 2014 likazuka suala la akaunti ya Tegeta Escrow, nalo likaondoka na baadhi ya wakubwa serikalini. Angalieni mfululizo huo. Kila mara tuliponunua umeme gizani kwa haraka, hesabu yake ilikuja kusomwa Bungeni baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Wakati hayo yakiendelea huko juu, huku chini mwananchi aliletewa LUKU katikati ya miaka ya 1990, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mimi nauona huo kuwa mpango mzuri. Bili za kukadiria zilipungua, na mtu wa Manzese akaweza kununua umeme kama anavyonunua unga, kadri ya alichonacho mfukoni. Lakini LUKU pia ilikuwa na maana nyingine. Ilimfanya mnyonge alipe kabla hajawasha taa, wakati ofisi nyingi za umma ziliendelea kuwasha kwanza na kulipa zikipenda. Machi 2017 Rais John Magufuli alilazimika kutamka hadharani kwamba wadaiwa sugu wakatiwe umeme, hata kama mdaiwa ni Ikulu. Amri hiyo ilisifiwa sana. Mimi nilijiuliza: imekuwaje shirika la umma lihitaji amri ya Rais ili kumdai mteja wake?

Leo hali ya uzalishaji si ile ya zamani. Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme tangu mwaka 2004. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikakamilika, kila mmoja megawati 235. Jumla ni megawati 2,115, zaidi ya mara 10 ya Kidatu. Kisingizio kikubwa cha upungufu wa mitambo kimekwisha.

Sasa yamebaki yale ambayo hayazinduliwi kwa utepe: transfoma iliyolemewa, nguzo iliyooza, waya uliovutwa zamani kwa nyumba 20 na sasa unabeba 200. Na limebaki swali la gharama ya kuunganishwa, ambalo ni lile lile la mwaka 1908 katika sura mpya. Anayejenga kibanda pembezoni mwa jiji asipoweza kulipia nguzo, hukimbilia vishoka, na matokeo yake ni moto.

Nasema hivi: shirika likiwa letu, hesabu zake ziwe zetu. Madeni ya wizara na taasisi za umma yatangazwe kila mwaka kwa majina. Mikataba ya kununua umeme isomwe na wabunge kabla ya kusainiwa, si baada ya kashfa. Na kila mtaa uambiwe transfoma yake itabadilishwa lini. Hayo hayahitaji bwawa jipya. Yanahitaji daftari lililo wazi, maana wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.