Kutoka Swali hadi Orodha: Historia Fupi ya Usanidi wa Linux

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi programu za Linux zilivyozoea kumwuliza mtumiaji maswali. Jambo hilo, ingawa ni la mafundi, linamhusu pia mwanaisimu.

Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux mwaka 1991. Aliyetaka kukijenga kiini hicho kwenye kompyuta yake alipaswa kwanza kuchagua sehemu alizozihitaji. Amri iitwayo «make config» iliuliza swali moja baada ya jingine, naye alijibu kwa herufi: Y kukubali, N kukataa, M kuitenga sehemu iwe moduli ya kupakiwa baadaye. Maswali yalikuwa mengi, wala hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Aliyekosea alianza upya. Tena, herufi zenyewe zilitoka katika Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili aliyeandika N akikusudia «ndiyo» alikuwa amekataa. Kifaransa nacho hakikumwokoa, kwani humo pia N ni herufi ya kukataa.

Toleo la 2.0, la mwaka 1996, lilikuwa na amri nyingine: «make menuconfig». Hiyo hutandaza maswali kama orodha juu ya skrini ya maandishi matupu, kwa mbinu za curses zilizoanzia Berkeley, Marekani. Vitufe vya mishale hupanda na kushuka. Enter hufungua orodha ya ndani. Kitufe cha nafasi hubadili alama. Esc mara mbili hurudisha nyuma. Alama ya kuuliza huleta maelezo. Herufi za zamani bado hupokewa, lakini si za lazima. Aliyekuwa akihojiwa sasa hutazama na kuchagua.

Mwaka 1999 Joey Hess alianzisha debconf katika Debian. Humo maswali hupangwa kwa ngazi nne za uzito, ili madogo yasimchoshe mtumiaji. Nacho kisakinishi cha Debian 3.1, ya mwaka 2005, huuliza lugha kabla ya mengine yote.

Hata hivyo, mishale peke yake haitoshi. Asiyelielewa swali hubonyeza Enter tu, na uamuzi wa mtungaji ndio unaopita. Hapo ndipo ilipo kazi yetu. Anayetafsiri maswali hayo kwa Kiswahili atakuta kwamba N ya «ndiyo» inagongana na N ya wengine, na kwamba «kubali» na «kataa» yote huanza kwa K. Ugumu huo hautatuliwi na fundi bila mwanaisimu.