Mtoto, Ndama na Ngitili: Maarifa ya Mazingira katika Usukuma kabla na baada ya Operesheni Vijiji

Historia ya mazingira ya Shinyanga imeandikwa kwa kirefu kupitia ng'ombe, mbung'o na ufyekaji wa misitu ulioendeshwa na utawala wa Waingereza. Katika maandishi hayo mtoto huonekana kama nguvukazi tu: anachunga, anateka maji, anaokota kuni. Alichokijua hakielezwi.

Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi za kwingine zinapokwisha. Ngitili za kaya zilikuwa karibu na makazi, nazo zilikusudiwa hasa ndama, maksai na mifugo dhaifu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa ndama ndio mifugo anayokabidhiwa mtoto kwanza. Somo lake la awali kuhusu nyasi lilikuwa pia somo la mpaka: majani mabichi aliyoyaona mbele yake yalikuwa ya mwezi mwingine, na ndama akivuka, mzazi ndiye aliyewajibika. Kwa mtoto huyo, pori halikuwa mahali pasipo na mwenyewe. Dada yake, kwa upande wake, aliitambua miti kwa moshi wake na kwa muda ambao kaa lake lilidumu jikoni.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Nyerere, ambaye naye alichunga mifugo kabla ya kuanza shule Musoma mwaka 1934, alikosoa shule iliyomzoesha mwanafunzi kudharau ujuzi wa wazazi wake. Hoja ilikuwa sahihi. Utekelezaji wake, hata hivyo, ulielekea zaidi kwenye shamba la shule, na maarifa ya malisho yakabaki nje ya darasa.

Operesheni Vijiji ikazitenga kaya nyingi na ngitili zao. Kwa kawaida tukio hili huhesabiwa kama upotevu wa ardhi. Ni nadra kuhesabiwa kama kukatika kwa mafunzo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, na baadaye kuegemea ngitili, aliyechunga ndama mwaka 1960 akiwa na miaka 7 alikuwa na miaka 33, na aliweza kuonyesha mpaka wa zamani ulipopita. Aliyezaliwa katika kijiji kipya mwaka 1975 alikuwa na miaka 11, na huenda hakuwahi kumzuia ndama asivuke mpaka wowote.