Gunia la Makaa na Mteremko wa Bugarama: Nishati ya Majumbani katika Historia ya Bujumbura

Umeme wa mto Ruzizi ulifika Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa kabla ya uhuru wa 1962, mwishoni mwa miaka ya 1950, ukitoka katika kituo kilichojengwa na Wabelgiji karibu na Bukavu. Uliwasha taa na kuendesha mitambo ya viwanda, lakini chungu cha maharagwe, ambacho hudai moto wa saa nyingi, kilibaki juu ya makaa. Hata baada ya vituo vya Mugere (megawati 8, mwaka 1982) na Rwegura (megawati 18, mwaka 1986) kujengwa ndani ya Burundi yenyewe, jikoni hali haikubadilika sana.

Wahandisi walioanza kulichunguza jambo hili walilitazama zaidi kama suala la joto, ilhali kwa kiasi kikubwa lilikuwa suala la uchukuzi. Makaa hupatikana kwa kufunika kuni kwa udongo na kuziunguza kwa hewa kidogo, ili maji na gesi zitoke na kaboni ibaki. Tanuri la kienyeji hugeuza kilo 100 za kuni kavu kuwa kilo 10 hadi 20 tu za makaa, lakini kila kilo ya makaa hutoa joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni. Kwa msitu hiyo ni hasara kubwa, ila kwa mbebaji ni faida. Bujumbura imekaa kando ya Ziwa Tanganyika kwenye mwinuko wa takriban mita 800, na Bugarama, yenye mikalitusi jirani, iko juu ya mita 2,000, mwendo wa kilomita 35 hivi. Kwa hiyo mwendesha baiskeli aliweza kuteremsha magunia kwa nguvu ya mlima wenyewe, kisha akapanda kwa kujishikiza nyuma ya lori, desturi ya hatari ambayo hakuna kanuni iliyofaulu kuikomesha kabisa.

Mbadala uliotiliwa matumaini makubwa ulikuwa nyiramugengeri, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka pasipo hewa ya kutosha, ambao hukatwa, hukaushwa juani na kuchomwa kama kuni. Shirika la serikali la ONATOUR lilianzishwa mwaka 1977 ili kuuchimba, na wateja wake wakuu wakawa kambi za jeshi na magereza. Familia za mjini hazikuupokea, wala si kwa ukaidi: udongo huo hutoa moshi na harufu kali, huacha majivu mengi, na hauwaki vizuri katika mbabula, lile jiko dogo la makaa linalowekwa uani au kibarazani. Kambi ilikuwa na majiko makubwa, bomba la moshi na amri. Nyumba ya Buyenzi au Kamenge, mitaa ya Bujumbura, haikuwa na hata kimoja.

Mwaka 1985 mpango wa pamoja wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia ulitoa ripoti mbili kuhusu Burundi, moja juu ya majiko bora ya makaa na nyingine juu ya matumizi ya udongo wa kinamasi. Fikra ya jiko bora ilikuwa sahihi, kwani kuta za udongo wa mfinyanzi huzuia joto lisipotee pembeni kama lipoteavyo kwenye bati tupu. Kipimo chake cha kawaida, hata hivyo, kilikuwa kuchemsha maji, na kipimo hicho husema machache kuhusu maharagwe, ambayo baada ya kuchemka huhitaji moto mdogo wa muda mrefu.

Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura, wakati uhaba wa mafuta ya petroli na dizeli ulikwisha kuanza kuisumbua nchi. Mzigo uliokuwa ukiteremka kwa uzito wake wenyewe ukazidi kutegemea malori, na malori hutegemea mafuta yanayoagizwa nje kwa fedha za kigeni, hivi kwamba hesabu ya nishati ya jiko la Bujumbura haikamiliki tena bila kuingiza dizeli iliyolifikisha gunia mlangoni.