Mashine ya Randa Haitakunyooshea Ubao: Skiza Habari Hii Kutoka Wasini

Mwaka jana niliichoma mashine ya randa kwa sekunde tatu tu. Akiba ya miezi minane ikawa moshi. Nilikuwa nimeinunua mtumba, ile ndogo ya kuweka mezani, na ubavuni ilikuwa imeandikwa volti 120 kwa herufi ndogo ndogo. Mimi huyo, kwa raha zangu, nikachomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240. Ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza. Niliula wa chuya, na sikuwa na wa kumlaumu, manake kibandiko kilikuwepo na macho ninayo.

Nikampigia mjomba wangu, fundi wa mashua kule Wasini, nimlilie. Hakuanza na pole. Aliniuliza, "Mpwa wangu, hiyo mashine ulitaka ikufanyie nini?" Nikamwambia, "Inyooshe mbao, mjomba." Akacheka mpaka akakohoa. "Basi hata isingeungua, ungerudi kunililia vile vile."

Nilikasirika. Halafu nikaanza kusoma, na nikagundua mzee alikuwa sawa. Vijana wengi wanaoanza karakana nyumbani, Ukunda, Likoni, Msambweni, wananunua hii mashine kwa sababu isiyo yake. Wakisikia "randa" wanadhani ni randa ya mkono iliyotiwa umeme. Siyo. Ni vitu viwili vyenye historia mbili tofauti, na usipoijua hiyo tofauti, pesa yako inaenda na maji.

Tuanze Wasini kwenyewe. Kama hujafika, ni kisiwa cha kama kilomita tano kwa urefu, mbele ya Shimoni. Gari hakuna. Ubao wowote unaotoka bara unavuka kwa mashua na kumalizia safari begani kwa mtu. Ukibeba ubao hivyo unauheshimu, huukati ovyo.

Kifaa kikuu cha fundi wa mashua si randa. Ni tezo. Mashua haitaki ubao bapa. Inataka ubao unaofuata mataruma, yaani zile mbavu zinazopanda kutoka kwenye mkuku, na mataruma yenyewe hutafutwa kwenye matawi yaliyopinda kwa asili. Fundi anakaa na tezo, anachonga kidogo, anapima kwa jicho, anachonga tena. Hakuna mbao mbili zinazofanana kwenye chombo kimoja. Sehemu zilizobaki wazi zinafungwa kwa kalafati.

Ufundi huu ni wa kitambo sana. Karibu miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki kitabu cha njia za Bahari ya Hindi, kinachoitwa Periplus, alitaja vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba kwenye pwani hii yetu. Wazee wetu waliendelea kushona mitepe kwa kamba za nazi, bila msumari, mpaka karne ya 20. Chombo kizima kilivuka bahari bila ubao hata mmoja wa unene wa kiwandani.

Sasa randa iliingia wapi? Skiza maneno yenyewe. Shoka, nyundo, msumeno: haya ni maneno yetu ya Kibantu. Lakini randa ipo pia kwenye Kiajemi na Kihindi, kwa maana ile ile. Mimi naona lugha hapo inatuonyesha njia: jina lilikuja na bahari, na kifaa chake pengine kilikuja nalo. Chenyewe ni cha kale mno. Randa za Warumi zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79.

Na huku kwetu kazi safi ya mbao ilikuwepo mapema. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, akielekea Kilwa, aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi mkubwa. Njia yake ya kwenda Kilwa ilipita kwenye bahari hii hii ya kusini. Baadaye ikaja ile milango ya nakshi ya miji ya pwani. Mlango wa bawa mbili si kama mashua. Bawa moja likipinda, halifungi. Hapo ndipo ubao bapa unapohitajika, na hiyo ndiyo kazi ya randa ya mkono. Kitako chake kirefu kinapita juu ya mabonde bila kugusa na kukata vilima tu, mpaka ubao wote unalala sawa. Randa ya mkono inanyoosha. Shika hilo.

Mashine ilizaliwa na shida nyingine kabisa. Mwaka 1791 Mwingereza Samuel Bentham alipata hataza ya mashine ya kupiga randa. Huyu ni mdogo wake Jeremy Bentham, yule mwanafalsafa aliyebuni gereza ambalo mlinzi mmoja anaona wafungwa wote. Ndugu hao walikuwa na mpango wa kuwatumia wafungwa kwenye mashine za mbao. Elewa maana yake: kifaa kilibuniwa ili kazi ifanywe na mtu asiye na ufundi. Fundi mwenye jicho ni ghali.

Halafu Marekani, tarehe 27 Desemba 1828, William Woodworth akapata hataza ya mashine yenye ngoma ya visu vinavyozunguka na rola za kusukuma ubao. Ilikuwa ya mbao za sakafu. Sakafu inataka mbao mia mbili zenye unene mmoja, hata kama kila moja imejikunja kidogo, manake misumari itazilaza chini. Kwa hiyo swali halikuwa "ubao umenyooka?" bali "ubao huu unalingana na wenzake?"

Na hapa kuna kisa cha pesa. Hataza ya Woodworth ilifaa kuisha 1842. Ikaongezwa miaka saba, halafu Bunge lao likaongeza saba mingine, mpaka 1856. Muda wote huo wenye hataza walikusanya ada na kuwaburuta mahakamani walioiga. Karibu miaka 28, ubao wa sakafu ulikuwa na mwenyewe. Ukitaka mbao sawa kwa bei ya mashine, unalipa.

Kwetu hadithi ilikuja kwa njia nyingine lakini inafanana. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilileta zaidi ya watu 30,000 kutoka Bara Hindi, maseremala wakiwemo. Baadaye viwanda vya mbao vikakaa bara, karibu na misitu ya saiprasi na paini. Sisi wa pwani tukawa wanunuzi. Ubao unafika Ukunda ukiwa umeshapita mikono mingi, na serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, fundi wa mtaani alikuwa hana pa kushika. Tangazo la kuondoa marufuku lilikuja Julai 2023, na shauri likafika mahakamani.

Ndiyo maana hii mashine ya mezani ni jambo kubwa, na sitaki mtu aone naidharau. Miaka ya 1980 kampuni ya Ryobi ya Japani ilitoa AP-10, mashine ya inchi 10 ambayo unaweza kuinyanyua na kuiweka mezani. Wengine wakafuata. Kitu kilichokuwa cha kiwanda kikaingia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Leo kijana mmoja anaweza kununua mbao mbichi za bei nafuu na kuzitoa laini mwenyewe. Hiyo ni nguvu. Lakini ni nguvu ile ile ya Woodworth: kulinganisha, sio kunyoosha.

Hebu tazama inavyofanya kazi. Rola mbili zinauvuta ubao na kuukandamiza kwenye meza. Katikati ngoma ya visu inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ubao uliopinda unabanwa, unalala bapa kwa muda, visu vinapita, halafu ukitoka upande wa pili unarudi kwenye mpindo wake. Umetoka laini, unene sawa, na umepinda kama ulivyoingia. Hiyo ndiyo ilikuwa inamchekesha mjomba.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, mambo haya.

Kwanza umeme. Soma kibandiko. Mashine ya volti 120 bila transfoma yenye nguvu ya kutosha utaizika kama mimi nilivyozika yangu. Kama unatumia jenereta, kumbuka mota ya wati 1,500 inadai zaidi ya hapo inapowaka, kwa hiyo jenereta ndogo ya taa na TV haitoshi.

Pili upana. Za bei ya chini nyingi zinaishia kama milimita 204. Hizo ni poa kwa fremu, miguu ya viti na rafu nyembamba. Ukitaka mbao za meza za milimita 300 hivi, unaingia daraja la akina Makita 2012NB au DeWalt DW735, na bei inabadilika kabisa. Usinunue upana wa ndoto, nunua upana wa mbao unazofanyia kazi kila wiki.

Tatu visu. Muulize muuzaji akuonyeshe visu vya akiba, avishike mkononi mwake. Mnazi unavila visu haraka kuliko saiprasi. Na nyinyi mnaopenda fanicha za mbao za mashua kuukuu, ambazo wageni wa Diani wanazipenda, pitisheni sumaku kwanza. Msumari mmoja uliofichwa unatosha kutoboa pengo kwenye visu vyote.

Nne, ncha. Mashine hizi ndogo zina tabia ya kuutafuna ubao mwanzoni na mwishoni. Acha ubao uwe mrefu kwa sentimita kadhaa kila upande, ukate baadaye. Pitisha milimita moja au chini kwa kila mzunguko. Na vaa barakoa, vumbi la mbao si manukato.

Tano, na hii ndiyo kubwa: usinunue kabla huna randa ya mkono unayoijua. Upande mmoja wa ubao ukishanyooka kwa mkono, ulaze huo chini, mashine ikulinganishie upande wa juu. Hapo ndipo pesa yako inafanya kazi. Ukikosa kabisa, laza ubao uliopinda juu ya ubao mwingine ulionyooka, ziba nafasi za chini kwa vipande ili usichezecheze, ndipo uupitishe.

Maoni yangu, na najua wengine mtanikatalia: kama unatoa meza moja kwa mwezi, mashine hii hujaihitaji bado. Peleka mbao kwenye karakana kubwa, lipa, rudi nyumbani. Siku utakapochoka kulipa na kupanga foleni, utajua mwenyewe kwamba wakati umefika. Mchagua nazi hupata koroma, sawa, lakini asiyechagua kabisa hupata kile nilichopata mimi.

Idi iliyopita nilivuka Wasini. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, umekuja na mashine?" Nilikuja na randa ya mkono, ya mtumba, nimeinoa mwenyewe. Alinipa ubao wa mwembe uliojikunja na kuniacha nao barazani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mabega yaliniuma siku mbili. Aliporudi aliweka mkuku wa jicho lake juu ya ule ubao, kama wanavyotazama mafundi wa mashua, jicho moja limefungwa. Akasema, "Huu sasa ndio unaweza kuulisha mashine."

Naweka akiba upya. Safari hii najua ninachonunua. Wewe je, unataka ikufanyie nini? Nijibu hapo chini kabla hujatuma hiyo M-Pesa.