Ibara ya 11: Heinrich Schnee, mwanasheria aliyeingia bunge la Berlin

Ukipanda kutoka Sake kuelekea Masisi, na mbele zaidi Muheto, Ziwa Kivu linabaki chini nyuma yako, na ndani yake kiko kisiwa cha Idjwi. Mkataba wa mipaka wa 1910 ulikuwa umekiacha kisiwa hicho upande wa Kongo. Mwezi Septemba 1914 askari wa Kijerumani walivuka maji wakakiteka. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani huko Dar es Salaam, Heinrich Schnee, hakutaka vita vifike Afrika, na hoja aliyoishikilia ilitoka kwenye karatasi iliyotiwa saini Berlin mwaka 1885.

Karatasi hiyo inastahili kusomwa polepole. Ibara ya 11 ya Hati ya Berlin ilisema kwamba dola yenye makoloni katika bonde la Kongo ikiingia vitani, nchi zilizotia saini zitafanya usuluhishi ili maeneo hayo yawekwe nje ya vita, kwa ridhaa ya dola hiyo na ya adui zake. Eneo lililotajwa lilifika hadi Bahari ya Hindi, kwa hiyo koloni la Schnee lilikuwemo. Lakini neno lenye uzito hapo ni ridhaa. Ibara haikukataza vita. Ilifungua mlango tu, na ufunguo ukabaki mikononi mwa wapiganaji wenyewe. Ubelgiji ilijaribu kuutumia mapema Agosti 1914. Ujerumani ilipopeleka ombi lake kupitia Marekani, Agosti ilikuwa inakwisha, na mizinga yake ilikuwa imekwisha kulia Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Uingereza na Ufaransa zikakataa.

Schnee alikuwa mtu wa ibara hasa. Alizaliwa 1871, akapata udaktari wa sheria, akatumikia Samoa na wizara ya makoloni kabla ya kupewa ugavana mwaka 1912. Waingereza walipoupiga mji wa Dar es Salaam mabomu tarehe 8 Agosti 1914, alitaka mji usalimike kwa makubaliano. Kamanda wake, Lettow-Vorbeck, alitaka vita, akavipata. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kivu, yakapita Kigali, yakaingia Tabora mwezi Septemba. Katika vita vile Kongo ilitoa wapagazi takriban 260,000.

Kwa kisa hicho ni rahisi kumhurumia. Wapo wanaomgawa mara mbili: mwanasheria mpenda amani wa 1914, kisha mpiga debe wa ukoloni wa miaka ya 1920. Mimi naona mtu mmoja. Mwaka 1924 aliingia Reichstag, bunge la Ujerumani, kwa tiketi ya chama cha DVP, na mwaka huohuo akatoa kitabu chake kuhusu alichokiita uongo wa hatia ya kikoloni. Mkataba wa Versailles ulikuwa umeinyang'anya Ujerumani makoloni yake, na washindi walidai kwamba Wajerumani hawakustahili kutawala wengine. Schnee alijibu kama wakili anavyomtetea mteja. Ila mteja wake alikuwa dola. Mwafrika katika maandishi hayo ni kielelezo kinacholetwa mezani, hana kiti cha mdai wala cha shahidi anayehojiwa. Na katika Ibara ya 11 alikuwa wapi? Palepale: ndani ya eneo, nje ya ridhaa.

Mtu atanipinga kwa kumtaja Albrecht von Rechenberg, gavana wa 1906 hadi 1912, mwanasheria naye, aliyejua Kiswahili na baadaye akawa mbunge wa chama cha Wakatoliki. Walowezi walimchukia kwa sababu aliwategemea wakulima Waafrika kuliko mashamba yao. Sifa hiyo ni ya haki, kwa kiasi chake. Lakini hesabu yake ilikuwa ya kodi na ya shehena za reli. Hata yeye, alipokaa bungeni Berlin, hakuwa na mpigakura hata mmoja wa Tabora au Lindi wa kumwuliza neno.

Schnee alikihama chama chake 1932. Mwaka 1933 akajiunga na Wanazi, akarudi Reichstag na kubaki humo mpaka 1945, katika bunge ambalo kazi yake ilikuwa kupiga makofi. Mtu aliyejenga maisha juu ya vifungu alikubali kukaa mahali ambapo vifungu havikuwa na maana tena. Sishangai sana. Alikuwa amezoea mabaraza ambamo wanaoguswa na uamuzi hawaulizwi. Alikufa Berlin mwaka 1949.

Wasomaji wa huku watasema hayo ni ya Wazungu wa zamani. Lakini tarehe 20 Desemba 2023 Kongo ilipiga kura kuchagua wabunge wa taifa. Maeneo ya Masisi na Rutshuru hayakupiga, kwa sababu ya vita. Katika nchi hii kadi ya mpigakura ndiyo pia kitambulisho cha raia: mwenye kadi ya zamani huionyesha askari kwenye kizuizi cha barabarani, anatazamwa uso, anarudishiwa, anapita. Kazi hiyo moja kadi bado inaifanya.